Kwa Mnaoanza Kuchonga: Toeni Kiini Kwanza

Wiki hii nimeletewa tena kinyago kilichopasuka kuanzia paji la uso hadi kidevuni, na mwenyewe anauliza gundi gani itashika. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tumelisema mpaka midomo imekauka kuliko mbao zenu.

1. Patasi ikirarua badala ya kukata, usiongeze nguvu. Rudi kwenye kinoo, malizia kwenye ngozi.

2. Mbao ikianza kunyofoka, unachonga kinyume cha nyuzi. Geuza upande.

3. Kiini, yaani ule moyo wa gogo ulio katikati kabisa ya duara zake za ukuaji. Hapa tukae kidogo, maana na mimi yalinikuta. Nilipata gogo bichi, zima, la bure. Patasi ilikuwa inazama bila kubembelezwa, nikajiona fundi. Nikachonga mzee mwenye ndevu, unywele mmoja mmoja, jioni baada ya jioni. Kisha, kwa haraka zangu, nikamwanika juani akauke. Ufa ukaanzia utosini, ukapita katikati ya macho, ukagawa pua. Nikaziba kwa gundi na unga wa msasa. Ukafunguka mwingine pembeni yake. Nikaulaumu mti, nikailaumu gundi, nikalilaumu hadi jua.

Kumbe mbao ikikauka husinyaa, na kuzunguka duara zake husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Gogo lenye kiini halina ujanja, litapasuka tu. Kwa hiyo lipasue katikati, toa kiini, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili kwa sababu huko ndiko maji yanakotoka haraka, liweke kivulini penye hewa. Kanuni ya mafundi ni kama mwaka 1 kwa kila milimita 25 za unene. Ndiyo, mwaka. Wachongaji wa sanamu za makanisa kusini mwa Ujerumani, karne ya 15, walikuwa wanakomba mgongo wa sanamu hadi ibaki wazi ndani, kama kifuu. Kiini kinaondoka na makapi. Kama huna subira, chonga kijiko. Ni chembamba, hakina ugomvi, na ukienda kulala kifungie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na makapi yake kisikauke kwa pupa.

4. Glavu ivae mkono unaoshika kipande. Na usichongee juu ya paja, hata kama pamekaa vizuri: ndani yake unapita mshipa mkubwa wa damu, na kisu hakina adabu.

5. Nilitaka kusema kitu kuhusu msasa, kimenitoka. Vaa barakoa, basi. La mafuta ya kitani, yale ya kupaka kazi ikiisha, sijasahau: yakikauka hutoa joto, na kitambaa ulichopakia, ukikifinyanga na kukitupa kwenye kona ya makapi, kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikauke kabisa, au kiloweke kwenye ndoo ya maji kabla hujafunga mlango.