Re: Mwenye hemofilia anaweza kubadilishiwa valvu ya moyo?
Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama mdogo wako mwenye hemofilia A (ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri) anaweza kubadilishiwa valvu ya moyo (mlango unaoongoza damu ndani ya moyo), jibu ni ndio, imeshafanyika. Yeye ana upungufu wa fakta 8, yaani protini inayosaidia damu kuganda, kwa hiyo kabla ya kupasuliwa anaongezewa hiyo fakta kwenye mshipa mpaka ifike karibu asilimia 100, halafu wanaendelea kumpa na kumpima mpaka kidonda kipone. Watu wengi hushangaa hapa, hata yeye atapewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana damu ikipita kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji bila heparini inaganda, baadae wanaikata nguvu hiyo heparini kwa dawa ya protamini. Kitu cha kukaa chini na daktari kabisa ni aina ya valvu: ya kimakanika inataka wafarini (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) maisha yote, kwa mtu wa hemofilia hiyo ni hatari kweli, ndo maana mara nyingi huchaguliwa ya tishu ingawa huchakaa. Tafiti kubwa hazipo sababu ugonjwa ni adimu, kama mtoto wa kiume 1 kati ya 5,000, madaktari wanategemea sana ripoti za mgonjwa mmoja mmoja. Nakuomba sana, daktari wa damu awepo tangu mwanzo, na wapime mapema kama ana kingamwili zinazoua nguvu ya fakta.