Umeongeza RAM, kompyuta haiwaki: anza na ile ya zamani

Mkuu, maelezo yako yana sentensi moja ambayo wengi waliokujibu wameiruka. Umesema kompyuta yako ya mezani ilikuwa inawaka vizuri ikiwa na RAM (kipande cha kumbukumbu ya muda) moja ya GB 8 ya DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM hizi. Ukaongeza nyingine ya mtumba ya GB 16, na tangu hapo feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi na hata nembo ya mwanzo haitokei. Halafu ukamalizia kwamba umeitoa hiyo mpya, umebakiza ya zamani peke yake, na bado hali ni ileile.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kama ya zamani peke yake nayo haiwashi, basi RAM uliyonunua haiwezi kuwa ndiyo inayoizuia mashine sasa hivi, kwa sababu haimo tena ndani. Inawezekana kweli ni mbovu, tutafika huko, lakini kuna kitu kingine kilichobadilika ulipofungua kasha. Hicho ndicho cha kutafuta kwanza, kabla ya kununua mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kama ulivyoshauriwa. Mashine za namna hii zimepita mikononi mwangu nyingi, na mara nyingi hakuna kilichoungua.

Kwanza zima kabisa. Usizime kwa kitufe tu: chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 15 hadi 30 ili umeme uliobaki uishe. Mazabodi hupata umeme mdogo wa volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, ilimradi waya uko ukutani. Ndiyo maana nyingine zina taa ndogo inayobaki kuwaka. Kuchomoa na kuchomeka RAM katika hali hiyo ndiyo njia ya kweli ya kuiunguza. Gusa chuma cha kasha kabla hujashika kitu chochote ndani.

Sasa toa RAM zote, zote mbili, na uwashe bila RAM kabisa. Watu wengi hawalifanyi hili kwa sababu linaonekana halina maana, lakini mimi nalipenda kuliko majaribio mengine yote. Kompyuta isiyo na RAM inatakiwa ilalamike: kama ina spika ndogo ya ndani italia milio, na kama mazabodi ina taa za uchunguzi, ile iliyoandikwa DRAM itawaka na kubaki hapo. Ikilalamika, maana yake prosesa iko hai na BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoanzisha kompyuta) inafanya kazi, kinachokosekana ni RAM inayosomeka. Isipolalamika hata kidogo, wakati spika au taa zipo, achana na RAM, tatizo liko kwenye umeme wa prosesa, prosesa yenyewe au mazabodi. Maana ya idadi ya milio inatofautiana kwa kila mtengenezaji wa BIOS, hivyo usichukue jedwali la mashine nyingine, tafuta kitabu cha mazabodi yako.

Tuseme imelalamika. Rudisha ya GB 8 peke yake, na angalia sloti, yaani nafasi unapoichomeka. Kwenye mazabodi ya sloti nne, RAM moja kwa kawaida hukaa sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, inayoandikwa A2, na zikiwa mbili hukaa ya pili na ya nne. Wengi wanajaza ya kwanza na ya pili kwa sababu ndivyo inavyoonekana kuwa sawa. Baadhi ya mashine zitakubali, nyingine zitakaa kimya kama yako.

Halafu kuna suala la RAM kukaa vizuri. Nitalisema kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi zinapopona. RAM ya kompyuta ya mezani inataka nguvu kuliko mtu anavyotegemea, na anayeogopa kuvunja mazabodi huisukuma mpaka inaposimama imara kisha anaacha. Kusimama imara hakutoshi. Bonyeza ncha moja mpaka kibanio kilie, kisha ncha ya pili. Mazabodi nyingi za sasa zina kibanio upande mmoja tu, ule mwingine haufunguki, na ule usiofunguka ndio unaobaki juu kidogo bila mtu kujua. Tazama mstari wa pini za rangi ya dhahabu kwa usawa wa jicho. Ukiona upande mmoja unaonekana zaidi ya mwingine, haijaingia. Ikigoma kuingia kabisa, usilazimishe, linganisha pengo la RAM na kile kituta cha kwenye sloti. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo haliko mahali pamoja, na DDR3 ina pini 240.

Angalia pia ndani ya sloti kwa tochi. Nimekuta uzi wa kitambaa, na nimekuta vumbi lililoganda ambalo lilisukumwa chini na RAM iliyoingizwa upya. Brashi laini kavu inatosha. Kuhusu kusugua pini kwa raba ya penseli, najua kila fundi ana maoni yake. Inafanya kazi, sikatai, ila tabaka la dhahabu pale ni jembamba mno na makombo ya raba huishia ndani ya sloti. Kitambaa kisichotoa nyuzi na pombe ya isopropili kitakufanyia kazi hiyohiyo bila kukwangua.

Kisha pitisha mkono kwenye waya zote ulizozigusa, au ulizozisogeza kupitisha mkono. Ule waya mpana wa pini 24, ule wa pini 8 juu karibu na prosesa, na waya wa kadi ya grafiksi kama unayo. Waya wa pini 8 ukilegea, feni zitazunguka kama kawaida na kioo kitabaki cheusi, dalili zako kabisa. Kadi ya grafiksi nayo huinuka kidogo kwenye sloti yake mtu anapoegemea, kwa hiyo itoe na uirudishe. Na usicheke, lakini angalia umechomeka waya wa kioo wapi: ukiwa na kadi ya grafiksi, waya uende kwenye kadi, usiende kwenye mlango wa mazabodi.

Bado giza? Futa kumbukumbu ya BIOS. BIOS hutunza mipangilio ya RAM, kasi na muda wa kila hatua, pamoja na matokeo ya vipimo ilivyofanya kwenye RAM iliyokuwepo. Ikiingiziwa RAM tofauti ikashindwa kuisoma, wakati mwingine inabaki imeng'ang'ania mipangilio isiyofaa hata baada ya kurudisha ile ya zamani, na kwa uzoefu wangu hili ndilo jibu la kawaida zaidi la kisa kama chako. Chomoa umeme, toa betri ya duara, ile CR2032 ya volti 3, subiri dakika chache, irudishe. Au tumia zile pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1: ziunganishe kwa bisibisi kwa sekunde kadhaa, umeme ukiwa umechomolewa.

Ila kabla hujafuta, jua utakachokutana nacho. Saa na tarehe zitarudi nyuma, na tovuti zitaanza kukwambia hazina usalama mpaka urekebishe. Kama diski ilikuwa imewekwa kwenye hali ya RAID na BIOS ikarudi AHCI, au kinyume chake (hizi ni namna mbili za mashine kuisoma diski), Windows itakuletea skrini ya buluu ikisema haioni diski ya kuwashia. Rudisha hali ya mwanzo, itawaka, usiharakishe kupiga Windows upya. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, unaweza kuombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema kwenye akaunti ya Microsoft kwa kutumia simu. Nimeona mtu akifurahi kompyuta imewaka, kisha akakwama hapo mchana kutwa.

Ukishafuta, washa na uiache. Usikae na kidole kwenye kitufe. Mashine nyingi zitajizima na kujiwasha zenyewe mara kadhaa zikitafuta mipangilio inayokubalika, na ukiikatiza inaanza upya. Kwa mwenye DDR5 anayesoma hapa, subira iwe kubwa zaidi. Kuwashwa kwa mara ya kwanza na RAM mpya kunaweza kuchukua dakika kadhaa za kioo cheusi, kwa sababu mashine inaipima RAM. Wapo wanaorudisha RAM nzima kabisa kwa kukosa hizo dakika. Mimi huiacha dakika 15 kabla sijasema haiwaki.

Nikiwa na ya zamani inayowaka, ndipo narudi kwa hii ya mtumba. Zima, toa ya GB 8, weka ya GB 16 peke yake kwenye sloti ileile ambayo umeshaona inafanya kazi. Ikigoma hapo, soma karatasi iliyobandikwa juu yake kabla ya kusema imekufa. RAM nyingi za DDR4 za mtumba zimetoka kwenye seva, na za seva zina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kwa niaba ya chipu nyingine. Pengo lake liko palepale kama la kawaida, inaingia bila tabu, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani haiwezi kuitumia. Kwenye karatasi tafuta maandishi kama PC4-2400T halafu herufi inayofuata: ikianza na U ni ya kompyuta ya kawaida, ikianza na R ni ya seva. Kama yako ni R, umepata jibu, na wala si mbovu, ni ya mashine nyingine.

Wenye DDR3 wana mtego wao. Kuna RAM za DDR3 za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya prosesa za AMD pekee, chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mashine za Intel haziisomi. Na kuna suala la volti: DDR3 ya kawaida ni 1.5, DDR3L ni 1.35, na laptopu nyingi zilizotoka mwishoni mwa zama hizo zinataka DDR3L tu. Kwa DDR5, zile za GB 24 na GB 48 zilikuja baadaye, hivyo mazabodi iliyotengenezwa kabla yake inahitaji BIOS mpya. Iwashe na RAM ya zamani, sasisha BIOS, ndipo ubadilishe.

Ikiwa kila moja inawaka peke yake lakini zikikaa pamoja zinagoma, hapo hakuna mbovu, zimekosana tu. Aliyekwambia kwamba GB 8 na GB 16 haziwezi kukaa pamoja amekosea. Ukubwa tofauti si shida, na kasi tofauti kwa kawaida hushuka kufuata ya chini. Kinachogombanisha ni XMP au EXPO (mipangilio ya BIOS ya kuongeza kasi ya RAM) iliyoachwa ikiwa imewashwa, yaani BIOS inalazimisha kasi ya RAM moja kwa nyingine isiyoiweza. Izime, ziache zianze kwa kasi ya kawaida, kisha upandishe taratibu kama una haja. Kujaza sloti zote nne nako kunapunguza kasi: kwa prosesa za Ryzen 7000, kasi rasmi ya AMD ni 5200 kwa RAM mbili na 3600 kwa nne. Anayenunua nne akitegemea 6000 anajitafutia kazi.

Kuna hali moja ningependa isiwe yako: sloti za upande mmoja zinakubali RAM, za upande mwingine zinakataa kila RAM. Kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, kwa AMD tangu Athlon 64 ya 2003 na kwa Intel tangu Core i7 za 2008, kwa hiyo upande mzima ukifa, angalia prosesa kabla ya kulaani sloti. Pini iliyopinda, au feni ya prosesa iliyokazwa zaidi kona moja, inatosha kuondoa upande mzima. Kama uliegemea ile feni ukiingiza RAM, legeza skrubu zake kidogo kidogo kwa mshazari na uzikaze upya kwa usawa.

Kwa laptopu sina mengi. Chomoa betri ya ndani kwanza, ingiza RAM kwa mshazari mpaka iishe kisha ilaze, na ukishafunga, chomeka chaja kabla ya kubonyeza kitufe, maana baadhi yake zikishatolewa betri haziwaki mpaka zione chaja.

Jambo la mwisho, na hili nalisisitiza kwa sababu RAM yako ni ya mtumba. Ikiwaka na zote mbili, usikimbilie Windows. RAM yenye kasoro ndogo huiruhusu kompyuta iwake vizuri tu, kisha inaweza kuharibu mafaili kimyakimya yanapohifadhiwa. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washia hapo, uiache ipite mizunguko yote minne ya toleo la bure. Kwa GB 24 itachukua saa nyingi, iache usiku. Likitokea kosa hata moja, pima kila RAM peke yake kwenye sloti ileile ujue ni ipi, na kama ni hiyo ya GB 16, irudishe kwa aliyekuuzia ukiwa na picha ya matokeo.