Kumfuatilia Antonio wa Virginia: ushauri kwa anayeanza kazi ya nasaba

Wageni wa kazi hii karibu wote huniuliza swali moja: cheti cha kuzaliwa cha babu wa karne ya 17 kinapatikana wapi? Hakipatikani. Virginia, jimbo la Marekani lililoanza kama koloni la Waingereza, ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa sheria ya jimbo mwaka 1853. Kabla ya hapo kuna vitabu vya makanisa, na vingi vimepotea. Mtu wa enzi ya ukoloni wa Kiingereza humwoni alipozaliwa wala alipokata roho. Unamwona siku ardhi, ng'ombe, kodi au ugomvi ulipomfikisha mbele ya karani. Ukilishika hilo mapema, utaacha kupoteza Jumamosi zako kutafuta karatasi ambayo hakuna aliyeiandika.

Mfano ninaopenda kufundishia ni wa Antonio, Mwafrika ambaye baadaye aliitwa Anthony Johnson. Karatasi zake zimesomwa na wanahistoria wengi, kwa hiyo unaweza kuikagua kila hatua. Tena kuna watu wanaodhani Mwafrika wa wakati ule hakuacha maandishi yoyote, wakakata tamaa kabla hawajafungua kitabu cha kwanza.

Orodha ya wakazi wa Virginia ya mapema mwaka 1625 inamtaja Antonio, mtu mweusi, aliyefika mwaka 1621 kwa meli iitwayo James. Yumo katika shamba la Edward Bennett. Hapohapo ametajwa Mary, mwanamke mweusi, aliyefika mwaka 1622 kwa Margaret and John. Jina la ukoo wake halipo, na hadi leo hakuna anayelijua. Tarehe 22 Machi 1622 Wapowhatan, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wamevamia makazi ya Waingereza na kuua watu 347, na shamba la Bennett liliumia vibaya sana. Antonio alisalimika, na Mary akawa mkewe.

Baada ya hapo huja kimya kirefu, na hapo ndipo wengi huacha. Usiache. Badilisha kitabu. Mwaka 1651 anaibuka katika hati za ardhi, sasa kwa jina la Anthony Johnson, akiwa na ekari 250 huko Pungoteague, upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake. Ekari hizo zinasimulia jambo. Virginia ilitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye nauli yake ya meli imelipwa, na haki hiyo alipewa aliyelipa. Ekari 250 ni vichwa vitano, na majina matano yameorodheshwa. Moja ni Richard Johnson, na Anthony alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Richard. Hapa mgeni huruka kwa furaha. Tulia kwanza. Haki za vichwa zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine, na jina moja liliweza kutumika zaidi ya mara moja. Orodha hiyo haikuambii mtu alifika lini, wala haikuambii kwamba mwenye shamba ndiye aliyemleta. Inakupa majina ya kufuatilia, basi.

Hati ninayoiona tamu kuliko zote ni ya kodi. Mapema mwaka 1653 shamba la Johnson liliungua, naye akaenda mahakama ya kaunti kuomba nafuu. Sheria ya Virginia ya 1643 ilikuwa imewaingiza wanawake Waafrika katika kodi ya kichwa, wakati mke wa Mwingereza hakutozwa. Mahakama ikaamua Mary na binti zao wawili wasilipe kodi hiyo maisha yao yote, ikieleza kwamba familia hiyo imeishi nchini zaidi ya miaka 30. Hebu hesabu umepata nini katika aya moja ya karani: mke yu hai, wapo mabinti wawili, na urefu wa maisha yao Virginia unalingana na orodha ya 1625. Kodi ya kichwa tunaijua kutoka kwa babu zetu Afrika Mashariki, na hatuikumbuki kwa wema. Katika nasaba, lakini, mtoza kodi ni shahidi mzuri kwa sababu hakuwa na sababu ya kumsahau mtu.

Sasa angalia tarehe. Hadi mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Februari tunayoiita ya 1653, kwa karani ilikuwa bado 1652. Andika zote mbili, 1652/53, usije ukajichanganya. Ukikuta ndoa ya Aprili 1652 na mtoto wa Februari 1652, usianze kuwasema vibaya marehemu: mtoto amekuja miezi kumi baada ya harusi.

Kaunti nazo huhama huku watu wamekaa palepale. Kaunti ya Accomack ilibadilishwa jina kuwa Northampton mwaka 1643, kisha mwaka 1663 upande wa kaskazini ukakatwa na kuitwa Accomack tena. Pungoteague leo iko Accomack, lakini kesi za Johnson za miaka ya 1650 zimo katika vitabu vya Northampton, mjini Eastville. Vitabu hivyo vinaanza mwaka 1632, na hakuna kumbukumbu za mahakama ya kaunti Marekani zinazoendelea bila kukatika tangu zamani zaidi ya hizo. Hiyo ni bahati ya mahali. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond, mji mkuu wa jimbo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili viwe salama, na mwaka 1865 Richmond ikaungua navyo. James City ni mojawapo. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mtu, tafuta historia ya kaunti yake: iliundwa lini, ilitoka ndani ya ipi, ilipoteza nini.

Miaka ya 1660 familia ya Johnson ilivuka mpaka kwenda Somerset, Maryland, ikakodi ekari 300 na kuziita Tonies Vineyard. Kuanzia hapo unaacha Virginia na kuhamia hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Maryland, mjini Annapolis. Anthony alifariki kabla ya Agosti 1670, kwani mwezi huo baraza la wazee wa mahakama Virginia linamzungumzia kama marehemu. Likasema ardhi aliyoiacha upande wa Virginia irudi serikalini kwa kuwa alikuwa mtu mweusi na hivyo mgeni wa nchi. Aliishi humo karibu nusu karne. Hati hiyo inauma kuisoma, lakini mtafiti asiipite, maana ndiyo inayotuwekea mpaka wa kifo chake. Mwaka 1672 Mary aliwagawia wajukuu ng'ombe, na majina ya wajukuu tunayapata kwa sababu ya ng'ombe hao. Mwaka 1677 mjukuu, John Johnson mdogo, alinunua ekari 44 Somerset akaziita Angola. Hapo babu anajitaja alikotoka, vizazi viwili baadaye.

Neno "mdogo" likufanye uangalie mara mbili. Enzi hizo mkubwa na mdogo waliweza kuwa watu wawili wa jina moja katika eneo moja, bila udugu wowote. Na akina Johnson Marekani ni kama mchanga. Ndiyo maana usimfuate mtu mmoja tu. Soma majirani, mashahidi walioweka alama kwenye hati, wadai na wadaiwa wake. Kesi ya 1655, ambapo mahakama ya Northampton ilimrudisha mfanyakazi John Casor kwa Johnson, inakupa pia jina la Robert Parker aliyekuwa amemchukua. Kesi hiyohiyo ndiyo watu huirusha mtandaoni wakidai Johnson ndiye mmiliki wa kwanza wa mtumwa Marekani. Si kweli. Mwaka 1640 mahakama ya Virginia ilikuwa tayari imemhukumu John Punch, Mwafrika aliyetoroka pamoja na Wazungu wawili, kumtumikia bwana wake maisha yake yote, wakati wale wawili waliongezewa miaka tu. Ukikuta mti wa ukoo unaoanza na dai kama hilo, jua mwenye mti hasomi hati.

Usisahau akina mama. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, huru au mtumwa. Familia nyingi huru za Waafrika zilibaki huru kwa sababu ya mama, kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kila kizazi liwe mama ni nani.

Haya yote lakini ni ya mwisho wa safari. Anzia kwako, au kwa mkwe wako kama ukoo unaoutafuta ni wake, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Zile za 1850 na 1860 ziliwahesabu kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana. Watu huru wote wametajwa kwa majina tangu 1850, na kabla ya hapo, kurudi hadi 1790, ni mkuu wa kaya peke yake. Mengi unaweza kuyaona bure kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch.

Na kati ya sensa na babu wa ukoloni litakuwapo pengo. Mwaka 2012 watafiti wa Ancestry, kampuni ya nasaba, walitangaza kwamba Barack Obama huenda ni mzao wa yuleyule John Punch, tena kwa upande wa mama yake Mzungu, si wa baba wa Kogelo. Hati za kumwunganisha Punch na ukoo wa Bunch, ambao mama yake Obama anatokana nao, hazikukamilika, kwa hiyo walitegemea pia vinasaba vya wanaume wa ukoo huo vinavyoonyesha asili ya Afrika, na hawakudai kuwa na uhakika kamili. Fanya vivyo hivyo. Kwenye jedwali lako weka mstari kamili penye hati na mstari wa nukta penye dhana, na pembeni andika jina la kitabu na ukurasa. Mkwe akilalamika kwamba nukta zimezidi, mwambie kilichotokea Richmond mwaka 1865.