Kuchezea seva ya gemu ni kujifunza kuandika programu?

SWALI: Mambo kaka, mi nina seva yangu ya Minecraft nacheza na washkaji, huwa nadownload plagini (programu ndogo za kuongezea seva uwezo) za watu nabadilisha namba kwenye mafaili ya kuseti. Bro wangu anasema huko sio kusoma programu, ni kupoteza muda. Halafu nimepata plagini moja inahifadhi pointi za wachezaji, kodi yake, yaani maandishi ya programu, nimewekewa, ila watu wakiwa wengi gemu linakwama kwama. Nifanyeje?

JIBU: Poa mdogo wangu. Kubadilisha namba peke yake bado, hapo bro ana hoja, lakini muda hujapoteza, hata gemu la Counter-Strike lilianza 1999 kama modi, yaani nyongeza ya mashabiki, ya gemu la Half-Life, na hilo tatizo lako la kukwama ni somo zuri kuliko sura nyingi za vitabu.

Iko hivi, seva ya Minecraft inapiga tiki (mizunguko ya kazi) 20 kila sekunde, yaani kila tiki ina milisekunde 50, na ndani ya hizo 50 inatakiwa isogeze wanyama, maji, wachezaji, na plagini zote zimalize kazi zao, karibu vyote kwenye foleni moja. Sasa fungua hiyo kodi uangalie, nahisi kila mtu akivunja bloku inakimbilia databesi kuandika pointi na kusubiri jibu, na ikisubiri yenyewe dunia nzima inasubiri. Weka pointi kwenye memori kwanza, HashMap ya Java (lugha ya hizo plagini), inayoweka thamani chini ya ufunguo, inatosha, ufunguo uwe UUID ya mchezaji, ile namba yake ya kipekee, maana jina anaweza kubadilisha, halafu kila baada ya dakika chache chukua kopi yake uipeleke databesi kwa kazi ya pembeni, ile runTaskAsynchronously inayofanya kazi nje ya foleni kuu. Huko pembeni usiguse bloku wala wachezaji, andika data tu. Na kwenye onDisable, sehemu inayoendeshwa plagini ikizimwa, hifadhi tena, la sivyo ukizima seva watu wanapoteza pointi na watakusumbua kweli.

Ukimaliza hiyo anza yako kutoka sifuri, ndogo tu, amri moja ya kusalimia, uone plugin.yml (faili la kuitambulisha plagini) na onEnable (sehemu inayoendeshwa ikiwashwa) zinavyofanya kazi. Ikigoma usikimbilie kufuta, soma logi, ile rekodi ya matukio ya seva, tafuta mstari wenye jina la pakeji yako (kundi ulilowekea kodi yako), pale kuna faili na namba ya mstari, anzia hapo. Java ikikuelemea jaribu Luanti, jukwaa la magemu ya bloku lililokuwa linaitwa Minetest, modi zake zinaandikwa kwa lugha ya Lua ambayo ni nyepesi zaidi.

Ila tafadhali majaribio usifanyie kwenye seva wanayochezea wenzio, fungua ya pili kwenye poti (namba ya mlango wa seva) 25566 kwa sababu 25565 ndio ya kawaida, na kopi folda la dunia kabla hujagusa chochote. Na kama umeweka online-mode=false, yaani seva haihakiki akaunti za wachezaji, huku seva iko wazi intaneti rekebisha leo, mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina lako akapata na uop wako wote, yaani mamlaka yako ya usimamizi.

Ukikwama nitumie logi, ila nzima, sio mstari wa mwisho tu.