Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia hiyo RunX

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Swali lako nimelielewa. Una milioni 12 mkononi, unataka gari dogo la zamani lenye gia za mkono, lichangamke barabarani lakini lisikulaze gereji, na umebaki na mawili: Subaru Impreza WRX ya 2003 na Toyota RunX Z Aero ya 2004.

Subaru iache. Silisemi kwa ubaya, ni gari tamu sana. Ila injini yake ya EJ205 ina tabo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), na tabo ya miaka ishirini imepita mikono mingi. Haikosi mmoja aliyeongeza presha ili apite watu njiani. Kinachoumia ni beringi za konrodi, na zikianza kugonga ni injini nzima chini. Halafu kuna mkanda wa taimingi wa kubadili kila kilomita 100,000, ambao ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Milioni 12 inaweza kuinunua. Kuitunza haiwezi.

RunX ni hadithi nyingine, lakini kwanza hakikisha ni Z kweli. Bampa na sketi za Z Aero fundi anazifunga kwenye RunX yoyote kwa nusu siku. Fungua boneti usome kibati cha modeli. Ukikuta NZE121, hiyo ni 1.5 ya kawaida, injini 1NZ-FE. ZZE124 ni 1.8 inayovuta matairi yote manne, injini 1ZZ-FE. Hiyo ina tabia ya kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, na ringi zinaganda. Unayoitaka wewe ni ZZE123, na kibatini injini iandikwe 2ZZ-GE. Ya gia za mkono ina gia sita, na breki za nyuma ni diski. Ukiona gia tano, rudi nyumbani.

Hiyo 2ZZ ina nguvu za farasi 190 bila tabo, na siri yake iko kwenye kemushafti, mhimili wenye vinundu unaofungua valvu. Kila silinda ina vinundu vya aina mbili: kifupi cha mwendo wa kawaida, na kirefu kinachosubiri. Ukifika kama mizunguko 6,200 kwa dakika, presha ya oili inasukuma pini ndogo chini ya roka (mkono unaosukuma valvu), kinundu kirefu kinashika kazi, valvu zinafunguka zaidi, na gari linaruka kama limepigwa kofi. Raha yote ya gari hili iko hapo. Chini ya hapo ni RunX tu.

Kwa hiyo jaribio lako kubwa ni hilo. Injini ipate joto kamili, tafuta kipande cha barabara kisicho na watu, weka gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka mwisho kuanzia 4,000. Karibu na 6,200 mlio lazima ubadilike ghafla, na mgongo wako ujue. Kama inalia tu bila kubadilika, ipo sababu. Inaweza kuwa oili imepungua au ni nzito mno, au kijichujio cha valvu ya oili kimeziba. Inaweza pia kuwa zile boliti mbili zinazoshika shafti za roka zimelika au zimekatika. Za matoleo ya mwanzo zilikuwa dhaifu, Toyota ikazibadili. Gari la 2004 lingetakiwa kuwa na zile bora, ila likishawekwa injini ya mtumba hujui injini ni ya mwaka gani. Boliti zenyewe si ghali, na kazi yake ni kufungua kava ya juu. Itumie kupunguza bei, usiikimbie kwa hilo.

Jambo moja ambalo mafundi wetu wanaliharibu: kung'oa thermostati, kile kilango kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ili "gari lisichemshe". Injini hii hairuhusu kile kinundu kirefu kufanya kazi mpaka maji yapate joto la kutosha, kama nyuzi 60. Bila thermostati inachelewa kupata joto, asubuhi unaendesha gari lisiloamka, na oili inachafuka mapema. Muulize muuzaji kama ipo. Akijibu kwa kujisifu kwamba waliitoa, umeshajua gereji aliyokuwa akienda.

Kinachoua 2ZZ hasa ni mkono wa dereva. Unatoka gia ya nne kwenda ya tano kwa kasi, gia ikaangukia ya tatu: mizunguko inapanda kupita uwezo, gia za pampu ya oili zinapasuka, na injini inakufa kwa kiu sekunde chache baadaye. Gari lililonusurika mara moja halikwambii. Ndiyo maana nakuomba ufike kabla muuzaji hajaliwasha. Shika boneti, ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho. Liwashe likiwa baridi, sikiliza sekunde tano za kwanza: mgongano wa chini unaofifia oili ikipanda ni dalili mbaya.

Ukiwa barabarani, tafuta mteremko. Achia mafuta ukiwa gia ya tatu, acha gari lijishikilie lenyewe, kisha kanyaga huku unatazama kioo: wingu la bluu ni oili. Klachi ipime ukiwa gia ya juu kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga ghafla. Mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi imekwisha. Rudi toka ya tatu kwenda ya pili haraka kidogo. Ikisaga meno, gia boksi inadai. Ajali itafute kwenye boliti za madigadi (rangi iliyochubuka kichwani maana yake yalishafunguliwa) na chini ya tairi la akiba.

Sasa nikwambie nisilotakiwa kukwambia kabla hujaiona hiyo RunX. Ningekuwa mimi, ningetafuta Vitz RS ya gia za mkono, NCP91, ya kati ya 2005 na 2010. Nguvu zake ni kama 110 tu, lakini ina uzito wa tani moja na kidogo, na kwenye kona unaifanyisha kazi yote bila kuvunja sheria. Injini ni 1NZ-FE ile ile ya Probox, Spacio, Raum na Ist. Plagi, pampu ya maji, koili, maunti: hakuna mji wenye duka la spea utakaokosa. Kwa 2ZZ, pampu ya oili au gia boksi ya gia sita utaisubiri kutoka Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, ukiwa na bahati. Swift Sport ZC31S nayo inanichekesha vizuri, farasi 125, ila spea zake ziulizie kwanza hapo ulipo.

Usitumie zaidi ya milioni 9 kununua. Tatu zinazobaki zina kazi ndani ya wiki ya kwanza. Oili ya 5W-30: lita 3.7 kwa 1NZ, 4.4 kwa 2ZZ, pamoja na filta. Oili ya gia boksi 75W-90. Maji ya rejeta ya rangi badala ya ya bomba, maana kutu ndiyo inayomaliza pampu. Brekipedi, mafuta ya breki, bushi za mbele. Fedha nyingi weka kwenye matairi. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye kashata (meno) nzuri linateleza kwenye mvua kama sabuni, na gari la kona halina maana bila matairi.

Kabla ya Jumamosi nitumie picha ya kile kibati na ya kadi ya gari, namba ya chesisi ionekane yote. Usiende na fundi aliyeletwa na muuzaji.

Mama yako