Mtoto anaongoza darasa, na bado anasema shule inaboa

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, ameniandikia ujumbe mrefu kuhusu mdogo wao. Mtoto anamaliza zoezi wenzake wakiwa bado wanapiga mistari ya daftari, halafu anaanza vurugu: anaficha kalamu za jirani, anapiga soga, anamuuliza mwalimu mambo ambayo hayamo kwenye somo. Kila mtihani anaongoza, na kila ripoti inamwita mtundu. Akiulizwa nyumbani, jibu lake ni kwamba shule inaboa. Mama anamhurumia. Baba anasema hayo ni majivuno, dawa yake ni kumkazia uzi. Mama anauliza nani yuko sahihi.

Dada yangu, nimekusoma nikajiona mimi.

Nilijua kusoma kabla sijaanza shule. Nilijifunza kwa kumchungulia kaka yangu akifanya kazi zake za nyumbani. Baba alifurahi kupita kiasi. Mgeni akiingia, hata maji hajanywa, naitwa sebuleni: taja miji mikuu, 17 mara 13 ni ngapi, hebu soma hili gazeti kwa sauti. Wageni wanashika vichwa, baba anavimba, kisha naambiwa nikacheze. Nilikuwa kama redio ya nyumba ile, wakitaka wanaifungua, wakichoka wanaizima.

Siku nilipomwambia baba huyo huyo kwamba darasani nachoka, kwamba mwalimu anarudia jambo moja wiki nzima na mimi nililielewa siku ya kwanza, uso wake ulibadilika. Akaniambia nisijione. Wapo watoto wanaolililia hilo dawati, akasema, na mvumilivu hula mbivu. Kweli walikuwapo, kwa hiyo sikuwa na la kujibu. Nikanyamaza, na sikulisema tena neno hilo nyumbani. Baba ni mzee sasa na tunapatana vizuri, lakini jibu lile bado linaniuma.

Shuleni kulikuwa na mwalimu aliyetaka kunisaidia, akatumia njia ambayo walimu wengi bado wanaitumia: aliyemaliza maswali kumi apewe mengine kumi ya aina ile ile. Mtoto mwenye akili hahitaji muda mrefu kugundua kwamba tuzo ya kumaliza mapema ni kuongezewa mzigo. Nikajifunza kuandika polepole. Nilichora pembezoni mwa daftari, nikawasubiri wenzangu wafike swali la nane, ndipo nami nikamalizia. Mwalimu akaandika kwamba nimetulia. Nadhani ndiyo sifa iliyonidhuru kuliko zote nilizowahi kupewa.

Miaka iliyofuata haina habari. Niliongoza, nikapewa madaftari ya zawadi, baba akavimba.

Kisha nikaingia chuo kikuu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasoma ukurasa mzima wa hesabu bila kuelewa kitu. Wenzangu walikwisha zoea hali hiyo. Walirudia, wakauliza, wakakaa vikundi usiku, wakakosea, wakaendelea. Mimi sikujua kabisa kwamba kutoelewa ni sehemu ya kusoma. Nilidhani akili imekwisha. Nikaanza kuficha karatasi za majaribio, kisha nikaacha kuingia darasani, na mwaka ule niliurudia. Wageni sebuleni hawakuitiwa tena mtu.

Baadaye sana nikakutana na utafiti wa wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck uliotoka mwaka 1998. Watoto walipewa mafumbo mepesi, kisha baadhi wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa juhudi zao. Waliosifiwa akili wengi walichagua kazi isiyoweza kuwaaibisha. Walipokutana na mafumbo magumu walivunjika moyo, na waliporudishiwa mepesi wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Tena walipoulizwa wamepata ngapi, walidanganya zaidi ya wale wengine. Niliposoma hapo nilizikumbuka karatasi zangu chini ya godoro.

Na kuhusu hoja ya majivuno, yupo mwanasaikolojia wa Marekani, Leta Hollingworth, aliyewafuatilia watoto wa namna hii huko New York karne moja iliyopita. Aliandika kwamba katika shule ya msingi ya kawaida mtoto mwenye kipimo cha akili cha 140 hupoteza nusu ya muda wake, na aliyevuka 170 hupoteza karibu wote. Wastani wa kipimo hicho ni 100. Vipimo vyenyewe vina kasoro zake, sitaki kuvipigia debe, lakini fikiria mtu mzima anayelazimishwa kukaa kwenye kiti nusu ya siku bila kazi, miaka saba mfululizo, halafu anaitwa mtundu. Sisi tungeacha kazi mwezi wa kwanza.

Sasa wazazi wenzangu, tusemezane. Wengi wetu tunapenda kuwa na mtoto mwenye kichwa, lakini hatupendi usumbufu unaokuja naye. Tunampiga picha na cheti, tunatangaza alama zake kwenye kila kundi la ukoo, na akisema amechoka tunamwambia ashukuru. Mwingine anamkandamiza mapema eti asije akavimba kichwa. Mwingine anamkimbiza. William James Sidis aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, magazeti yakamwandama, na baba yake akamfanya ushahidi wa nadharia zake za malezi. Alipokuwa mtu mzima alijificha kwenye kazi ndogo za ukarani, hakutaka tena kusikia habari za kipaji. Mtazame upande wa pili Terence Tao, aliyekulia Australia. Akiwa na miaka 8 alipata 760 kati ya 800 katika hesabu za SAT, mtihani wa Marekani wa vijana wanaoomba chuo kikuu. Wazazi wake hawakumsomba kumpeleka chuoni moja kwa moja. Alisoma kila somo katika ngazi iliyomfaa, hesabu na wakubwa, masomo mengine karibu na rika lake. Mwaka 2006 alipewa medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hesabu duniani.

Binti yangu si Tao, na hilo halinisumbui. Lakini muhula huu shule yake imekubali asome hesabu na darasa la juu, masomo mengine abaki na wenzake. Juzi amerudi na 54. Mama yake alishtuka. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi. Alikaa mezani amekasirika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Sikuwahi kumwona akifuta kitu.

Kwa hiyo dada yangu, ukienda shuleni usiseme mwanao ni mwerevu kuliko wote. Mwalimu amelisikia hilo kwa kila mzazi. Beba madaftari. Omba jambo moja: kabla mada mpya haijaanza, mtoto apimwe, na akionekana anaijua, apewe kazi ngumu zaidi badala ya kazi nyingi zaidi. Kurushwa darasa zima ni jambo la kufikiria hilo likishindikana, na mtoto mwenyewe akitaka. Ila kwanza hakikisha anaona ubaoni, anasikia vizuri, na hakuna anayemwonea, maana "shule inaboa" wakati mwingine ni njia ya mtoto ya kufunika jambo jingine kabisa. Nyumbani sifu alivyohangaika na kazi, na wageni wakija mwache acheze.

Na baba yake, usibishane naye. Mwambie akae na kijana jioni moja, ampe fumbo ambalo halitatatuliwa kwa nusu saa, asimsaidie, asimsifu. Akimwona mtoto anakataa kwenda kulala kabla hajalimaliza, ataamua mwenyewe kama yale ni majivuno.