Chama cha mawakili kinachotaka uongozi mchanganyiko kianzie kwenye kamati

Uchaguzi wa chama cha mawakili ukikaribia, ndipo watu hushtuka kuona wagombea wote ni wa namna moja: wanatoka ofisi zile zile kubwa, umri ule ule, na mwanamke ni mmoja tu, naye anagombea ukatibu. Lawama huwaangukia wapiga kura, nao wanaonewa. Orodha ile ilianza kutengenezwa miaka 3 au 4 nyuma, siku mwenyekiti wa kamati alipompigia rafiki yake simu aje kuziba nafasi.

Kwa hiyo anzeni na kamati. Katibu aorodheshe wajumbe wa kila kamati kwenye jedwali moja, na mbele ya kila jina aandike mwaka wa kuapishwa kuwa wakili, anafanya kazi wapi (ofisi kubwa, ofisi ya peke yake, serikalini), anashughulika na sheria za aina gani, na amekaa kwenye kamati hiyo muda gani. Mambo kama dini, kabila au ulemavu msiyakisie. Mwanachama ajaze fomu mwenyewe, na akitaka aache wazi. Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo huumbua wengi, maana asiyeondoka hatoi nafasi, hata awe mchapakazi namna gani.

Hapo dawa ni muhula. Kamati ya watu 9 ipewe miaka 3, watoke 3 kila mwaka, na asiwepo wa kuzidisha mihula 2. Wakitoka wote 9 kwa mpigo, faili na mawasiliano yote vinaondoka nao na kamati inaanza upya. Mwaka wa kwanza pigeni kura ya bahati kujua nani atahudumu mwaka 1, nani 2, nani 3, la sivyo zamu haitaanza kamwe. Nafasi zitangazwe kwa wanachama wote wiki 4 kabla, na tangazo litaje kazi yenyewe na saa inazokula kwa mwezi. Lisipotaja saa, anayeendesha ofisi peke yake atalipita tu, kwa kuwa hajui anajifunga kwa kiasi gani.

Aliyefungiwa mlango hasubiri milele. Mawakili weusi wa Marekani waliokataliwa na chama kikuu cha nchi yao walianzisha National Bar Association mwaka 1925. Kwenye chama kidogo dalili huwa ya kimya zaidi: ada hazilipwi, mkutano mkuu unakosa akidi.

Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa. Mjumbe mpya, hasa kijana au mwanamke, anakabidhiwa kuandika mihtasari, na miaka inapita yuko pale pale na kalamu yake. Mihtasari iandikwe kwa zamu. Yeye mpeni bajeti, maana anayeijua bajeti ya chama huulizwa maswali mbele ya mkutano, na hapo ndipo sura yake inajulikana. Wala msimwache mtu awe peke yake wa kundi lake kwenye kamati. Akiwa mmoja, kila analosema linasikika kama neno la kundi zima. Wakiwa 2 au 3, watapingana wao kwa wao, na hiyo ndiyo afya.

Shule bora ya uongozi, kwa maoni yetu, ni kliniki ya msaada wa kisheria. Mawakili 4 kwa saa 3, dakika 30 kila mteja, ni nafasi 24. Pokeeni 20, kwa sababu hakosekani anayekuja na mfuko mzima wa nyaraka. Kabla mteja hajafungua mdomo kueleza shauri lake, mpokeaji aandike jina lake na la anayezozana naye, kisha mawakili wote 4 wayaone. Mkianza na maelezo, wakili anaweza kusikia siri na baadaye kugundua kuwa yule wa upande wa pili ni mteja wa ofisi yake. Atalazimika kujitoa kote kuwili. Mteja pia atie saini karatasi inayosema ushauri ni wa siku hiyo tu. Bila karatasi hiyo anarudi nyumbani akiamini ana wakili, na siku ya mwisho ya kufungua shauri inampita.

Kama lugha ni kikwazo, mtoto wa mteja asigeuzwe mkalimani, hasa kwenye mashauri ya ndoa. Tafuteni mwanachama anayeijua lugha hiyo. Mtashangaa ni mara ngapi huyo ni yule ambaye hajawahi kuitwa kwenye kamati yoyote. Msimamizi wa kliniki abadilike kila kikao, na aliyesimamia vikao 3 jina lake lipelekwe moja kwa moja kwa kamati ya uteuzi.